Komeo la Ndani

Kapseret
11 Februari 2024

Mpendwa Chepkirui,

Kabla ya salamu, niseme jambo ambalo nimelificha kwa miaka kumi na sita. Hadithi ya ghala niliyokusimulia, ile uliyoigeuza kuwa mchezo wako wa kwanza wa televisheni, haikuwa kweli yote. Kuna kitu nilikiondoa, na kuna kitu nilikiweka mahali pake. Nimeandika haya mwanzoni kwa sababu najijua. Nikianza na habari za ng'ombe nitafika mwisho wa karatasi kabla sijayasema.

Sasa salamu. Natumaini wewe na mama yako mko wazima. Huku tunaendelea. Shangazi yako Rael amehamia hapa tangu Desemba ili aniangalie, na ananiangalia kweli: hata chumvi ya mboga anaipima kwa kijiko. Mvua haijafika. Majani yamekauka na yule ng'ombe mweusi anatoa lita nne tu. Collins, yule wa boda boda anayenipeleka mjini, amepata mtoto wa pili na ameniomba nimchagulie jina. Daktari anasema moyo wangu umekuwa mkubwa kuliko inavyotakiwa, jambo ambalo zamani ningelicheka. Masikio nayo hayapokei simu tena. Nasikia upepo na mtu aliye mbali sana. Kwa hiyo usipige. Andika. Collins atapeleka barua zangu kwenye ofisi ya mizigo ya mabasi, na zako zije kwa njia hiyo hiyo.

Nirudi pale. Unakumbuka likizo ya Agosti 2011, ulipokuwa chuoni. Uliweka kinasa sauti mezani, ukaniita babu kwa lugha yetu, ukaniuliza, “Kugo, wewe ulifanya nini?” Ulikuwa umewauliza wazee wengine wa hapa swali hilo kuhusu siku za vurugu za baada ya uchaguzi, na wote walikuambia kuwa siku hizo walikuwa wamesafiri. Mimi nilifundisha Kiswahili na historia miaka thelathini na miwili. Sikutaka kuwa mzee mwingine aliyesafiri.

Nikakuambia habari za Hulda, fundi wa cherehani wa mtaa wa Langas aliyekuwa akishona sare za shule yetu. Kwamba alikuja kwangu mchana wa tarehe mbili Januari 2008, nyumba za watu wa kabila lake zikiwaka. Kwamba nilimficha kwenye ghala la mahindi. Kwamba vijana wenye mapanga walipofika nilisimama langoni nikawaambia hakuna mtu, wakaondoka. Kwamba kesho yake lori la polisi lilimchukua akiwa salama.

Ulizima kinasa sauti ukalia. Ningeweza kusema hapo hapo. Badala yake nilikumiminia chai.

Nitakuandikia iliyobaki. Leo mkono umechoka.

Babu yako,
Wilson


Nairobi
1 Machi 2024

Chamgei, Kugo wangu,

Barua yako imenifikia ikiwa na harufu ya mafuta ya pikipiki, kwa hiyo mwambie Collins asante. Mama amefanyiwa upasuaji wa jicho la kushoto na sasa analalamika kwamba nyumba yangu ni chafu. Anasema zamani hakuwa akiona. Mimi niko mzima ila silali sana. Kazi ndiyo inanila.

Kuhusu ghala, usijisumbue. Nilijua kuna ulichoondoa. Hakuna mtu anayesimulia vyote. Mimi mwenyewe niliongeza mvua na mbwa, na hakuna aliyekuja kunishtaki.

Linalonisumbua ni jingine, na labda wewe utalielewa kuliko watu wa ofisini. Unajua kwamba baada ya miaka mitatu ya kuitwa “yule wa Ghala” nilitaka kutoka. Nikaandika kitu kilicho mbali kadiri nilivyoweza: Kituo cha Nne, mwaka wa 2190, watu wetu wakichimba maji kwenye sayari ya Mirihi. Hewa ya mrengo mmoja wa kituo inakwisha na watu wake wanakuja kugonga mlango wa mrengo mwingine. Nje kuna dhoruba ya vumbi. Mlinzi wa mlango, Tirop, akifungua, vumbi linaweza kuingia na kuharibu mitambo ya hewa ya walio ndani. Asipofungua, walio nje watakufa.

Nikampa Obiero nafasi ya Tirop kwa sababu hakuna mwigizaji anayemzidi. Lakini Obiero ndiye aliyekuwa Mwalimu kwenye Ghala la Mwalimu, na watazamaji walipouona tu uso wake walistarehe. Kugo, nimemwandika Tirop akidanganya. Nimemwandika akificha chakula, akitetemeka, akijifanya haoni. Naweza kumwandika mwoga kurasa kumi mfululizo, wao wanaona Mwalimu anayepanga mbinu. Mtandaoni wananiambia kwamba mtu aliyesimama langoni kwenye Ghala hawezi kumwacha mtu nje. Nikijibu kwamba huyu ni mtu mwingine, karne nyingine, hata si dunia hii, wananicheka, wanasema nawaficha mwisho.

Wamegundua hata komeo. Mbunifu wetu alipokuja kwako 2018 alipiga picha ghala akalinakili ubao kwa ubao, pamoja na lile komeo lililo upande wa ndani. Kwenye Kituo cha Nne akaweka mpini upande wa ndani pia, kwa kupenda tu. Sasa watu wameweka picha hizo mbili pamoja na wanasema ni ahadi yangu kwao. Kwa udadisi tu: kwa nini ghala la mahindi liwe na komeo ndani?

Sehemu ya mwisho tutaipiga picha mwishoni mwa Juni. Sijaamua kama Tirop atafungua.

La mwisho. Kuna mwanamke ameniandikia, anaitwa Leonida. Anasema Hulda ni mama yake. Wakati ule alikuwa na miaka kumi na mitatu, ameenda Krismasi kwa nyanya yake Nyandarua. Alipoona kwenye Ghala fundi wa cherehani wa Langas aitwaye Hulda, akajua. Nililiacha jina kwa heshima, sikufikiria. Anauliza lori lilimpeleka mama yake wapi. Unakumbuka?

Mjukuu wako,
Chepkirui


Kapseret
14 Aprili 2024

Mpendwa Chepkirui,

Nisamehe kwa kuchelewa. Miguu imevimba na Rael amenikataza meza. Anasema nikikaa wima maji yanashuka. Naandika nikiwa nimeegemea mito. Mvua imeanza, hatimaye. Tumepanda shamba la chini tu. Mtoto wa Collins ameitwa Kiptoo, si jina nililochagua mimi, mama mkwe alishinda. Mwambie mama yako jicho la kulia afanyiwe baadaye, aone nusu nusu kwanza.

Uliuliza juu ya komeo. Jibu lake ni jepesi. Miaka ya tisini wezi walikuwa wakija na mikokoteni wakati wa mavuno, nami nikawa nalala ghalani juu ya magunia. Ukilala ndani unafunga kwa ndani. Ndiyo sababu mbao ni nzito hivyo.

Jumamosi iliyopita Collins alinipeleka mjini kuchukua dawa, nikapita dukani kwa Sadiq. Unamjua: anauza televisheni, na marudio ya Kituo cha Nne yakianza anawasha zote za dirishani kwa pamoja, watu wanasimama mpaka kwenye lami. Tangu Ghala, mimi silipi chai pale. Sadiq huniwekea kiti na kuwaambia wageni kwamba huyu ndiye Mwalimu mwenyewe. Sijawahi kumkatiza.

Siku hiyo Tirop alikuwa mbele ya mlango, mkono kwenye mpini, walio nje wakigonga. Paul, anayechomelea vyuma kule Langas, akasema yeye hana wasiwasi, Tirop anahesabu walio nje ili ajue kama hewa itatosha. Mwingine akasema hapana, anangoja dhoruba itulie. Wakabishana ni dakika ngapi. Hakuna aliyebisha kama atafungua. Sadiq akanigeukia.

“Mzee, wa kutuambia ni wewe. Anafungua lini?”

Kabla sijajibu, dada yake Salma akacheka pale kaunta. Salma alikuja kutoka Isiolo mwaka jana, na Ghala hajawahi kuiona.

“Nyinyi mnaangalia nini?” akasema. “Huyu mtu hafungui. Ameogopa. Angalieni huo mkono. Hauvuti, unazuia.”

Wakamzomea. Paul akamuuliza kama kwao Isiolo watu hufungua milango kwa meno. Sadiq akamwambia hawezi kuelewa kwa sababu hakuona ile ya kwanza.

“Ndiyo maana naelewa,” akasema. “Mimi naangalia hii.”

Chepkirui, chai yangu ilipoa mkononi. Nimekaa na watu miaka kumi na sita, wakinisalimu kwa mikono miwili, na yule msichana ndiye wa kwanza kuutazama mkono wenyewe. Nilimwambia Collins anirudishe nyumbani. Njiani aliniuliza kama ninaumwa, nikasema ni vumbi.

Naona karatasi imekwisha.

Babu yako,
Wilson


Nairobi
3 Mei 2024

Kugo,

Chamgei. Mama anakusalimu, anasema ameona hata buibui wa darini. Hapa mafuriko yamefunga barabara siku tatu na tumepoteza wiki nzima ya kazi, lakini watu wote ni wazima. Mwambie Rael nitatuma zile soksi za kubana miguu.

Hukunijibu kuhusu Leonida. Nimesoma barua yako mara nne nikidhani nimeruka mstari.

Alikuja ofisini Jumanne. Ni muuguzi, ana miaka ishirini na tisa au thelathini, mtu wa kuongea polepole. Alikaa kwenye kiti cha wageni na mkoba magotini kama mtu anayengoja kuitwa. Akatoa picha ya mama yake akiwa kwenye cherehani, tepu ya kupimia shingoni. Nilishtuka kidogo kwa sababu kwenye Ghala tulimvisha skafu. Hukuwahi kunitajia tepu.

Nikuambie alichoniambia, maana siwezi kukibeba peke yangu. Miaka kumi na miwili ya kwanza alijua mama yake amekufa. Alimwombolezea, akasoma, akapata kazi. Kisha 2020 akaona mchezo wangu, na mchezo wangu ukamwambia kwamba mama yake aliondoka Kapseret akiwa hai, ameketi nyuma ya lori, blanketi begani. Tangu siku hiyo anamtafuta. Amekwenda Nakuru, Naivasha, makambi ya zamani, hospitali za wagonjwa wa akili. Amekwenda hadi Uganda. Likizo zake zote zimeishia humo. Nyanya yake alikufa mwaka jana akiwa amewakataza watu kufanya ibada ya kumbukumbu, eti mtu aliyepanda lori si marehemu.

Nilimwambia kwamba mchezo ni mchezo. Akanijibu, “Lakini wewe ulisema mwanzoni kwamba umetokana na kisa cha kweli.” Ni kweli nilisema. Maneno hayo yako kwenye skrini, herufi nyeupe. Niliyaweka kwa sababu nilijivunia wewe.

Ameanza kuangalia Kituo cha Nne pia. Anasema kila Tirop anaposhika mpini yeye humwambia fungua, kama anavyomwambia Mwalimu.

Nataka majibu matatu. Lori lilikuwa la kituo gani. Lilikuja siku gani. Nani mwingine alikuwa ndani yake. Usiniandikie kuhusu duka la Sadiq.

Chepkirui


Hospitalini, Eldoret
9 Juni 2024

Mpendwa Chepkirui,

Nimelazwa tangu tarehe ishirini na tisa. Maji yalipanda kifuani. Jirani yangu wa kitanda ni mkulima wa viazi anayenisomea magazeti kwa sauti kubwa, na vichwa vya habari nasikia. Soksi zimefika. Rael analia akidhani nimelala.

Majibu yako matatu ni jibu moja. Hakukuwa na lori.

Vijana walimpata Hulda tarehe ile ile mbili Januari na wakamuua. Nilimkuta jioni, jua likiwa bado juu ya miti, kando ya barabara ya chini, mahali ambapo ua wa miiba ya kayaba unapinda. Hatua kama mia mbili kutoka langoni kwangu. Nilimbeba kwa wilibaro, nikamzika nyuma ya ghala kwa jembe langu, nikiwa peke yangu. Sikumwita mtu yeyote kwa sababu sikujua ni nani wa kumwita. Hivyo nilijiambia wakati ule. Baadaye, watu walipokuja na madaftari kuuliza waliopotea, nilikuwa na mtu wa kumwita, na sikumwita.

Bibi yako alirudi kutoka Kapsabet tarehe tisa. Aliuona udongo. Hakuuliza. Alihamisha kigingi cha ndama kutoka pale, na mpaka alipokufa hakuna mnyama aliyefungwa nyuma ya ghala. Hatukuzungumza juu yake hata siku moja. Ukitaka kujua ndoa yetu ilikuwaje miaka ile ya mwisho, ilikuwa kigingi kile.

Tepu niliitoa shingoni mwake nikaitia kwenye mkebe wa chaki. Iko kabatini, rafu ya juu, nyuma ya atlasi. Ni ya Leonida.

Mwambie aache kutafuta. Mwambie mama yake yuko nyuma ya ghala, kichwa kikielekea mashariki.

Babu yako,
Wilson


Nairobi
15 Juni 2024

Kugo,

Leo sina salamu. Nitakuletea nyingine nikiweza.

Nilimwambia Leonida jana. Hakulia. Aliniuliza kama udongo wa pale hujaa maji mvua ikinyesha. Nikasema sijui. Akaniomba nikuulize.

Nimesimamisha upigaji picha kwa wiki mbili. Ofisini wamekasirika, na watazamaji wakasikia, nao wameanza kuandika kwamba ninataka kumharibu Tirop. Mmoja ameniandikia hivi: ukimfanya asifungue, utakuwa umemuua Mwalimu pia. Watu mia tisa wamekubaliana naye. Hawajui wanazungumza na nani.

Usiku wote nimekuwa nikiangalia picha ambazo mbunifu wetu alipiga kwako. Nina kadhaa za mlango, mbele na nyuma. Mbao ni zile zile za zamani, misumari ile ile iliyoshika kutu. Hakuna alama ya shoka. Bawaba hazijabadilishwa. Komeo ni zima.

Sasa nieleze, Kugo, kama mwalimu anavyomweleza mwanafunzi. Ikiwa Hulda alikuwa ndani, na komeo liko ndani, na kwenye kinasa sauti ulisema ulimwambia ajifungie, vijana walimtoaje bila kuvunja mlango?

Chepkirui


Kapseret
23 Juni 2024

Mpendwa Chepkirui,

Wamenirudisha nyumbani kwa sababu hawana la kuongeza. Ng'ombe ni wazima. Rael amekwenda kanisani, kwa hiyo nina saa mbili. Mwambie Leonida pale pameinuka, maji hupita upande wa chini. Hapajawahi kujaa.

Swali lako ningelipa alama zote.

Novemba 2007, kabla ya kura, Hulda alileta sare za wanafunzi wapya akaniuliza kama naona kutakuwa na shida. Nikamwambia, “Mambo yakiharibika, njoo kwangu. Nina ghala lenye komeo kwa ndani. Ukishajifungia hakuna wa kukutoa.” Akacheka. Akanipima bega kwa tepu yake, akasema kwa maneno hayo atanishonea koti. Hivyo ndivyo alivyolijua ghala.

Tarehe thelathini na moja Desemba kulikuwa na mkutano shambani kwa jirani. Nilitakiwa nitaje nyumba za watu wa kwao kwenye njia ya Langas, kwa kuwa nilikuwa nimefundisha watoto wa karibu kila nyumba. Nilikataa. Hilo ni kweli, na halitoshi. Wakasema watarudi kunishughulikia mimi kwanza, kama msaliti. Kesho yake nilimpeleka bibi yako kwa dada yake Kapsabet, nikarudi kwa ajili ya ng'ombe. Tarehe mbili, baada ya chakula cha mchana, niliona moshi upande wa Langas na kusikia makelele. Nikachukua blanketi na chupa ya maji, nikaingia ghalani. Nikafunga komeo.

Ndiyo. Hulda hakuwahi kuwa ndani ya ghala. Aliyekuwa ndani ni mimi.

Alifika kama saa tisa. Alikuwa ametembea kutoka Langas kupitia mashambani, nilisikia pumzi yake kabla ya hatua zake. Hakupiga hodi nyumbani. Alikuja ghalani moja kwa moja, kama nilivyomwelekeza. Akasukuma mlango, ukakataa. Akaelewa mara moja kwamba kuna mtu, maana mimi ndiye niliyemwambia komeo liko upande gani.

“Mwalimu,” akasema polepole. “Ni Hulda. Niko peke yangu.”

Nililishika komeo kwa mikono miwili, kana kwamba lingejifungua lenyewe. Salma wa dukani kwa Sadiq angeniona mara moja. Hulda alingoja. Nilikuwa nikisikia makapi ya mahindi yakilia chini ya viatu vyake kila alipohamisha uzito. Kisha akasema tena, na sauti yake haikuwa na hasira.

“Basi, Mwalimu. Kama huwezi, niambie tu niende upande gani.”

Hata hilo ningeweza. Mtoni, kwa padri, kurudi mashambani. Neno moja. Akangoja tena kwa muda niliofundisha watoto kuuita kitambo. Halafu akasema, “Haya,” kama mtu aliyekuta duka limefungwa, akaenda kushika barabara ya chini. Walimkuta huko nusu saa baadaye. Nilisikia. Sikutoka mpaka jioni.

Vijana hawakuja kwangu kabisa, siku ile wala nyingine. Hayo ya kusimama langoni niliyatunga mezani mbele yako, chai ikichemka.

Nimemtuma Collins kwa chifu. Wenye mamlaka watakuja kumfukua Hulda kwa utaratibu, na taarifa yangu nimeshaiandika kwa mkono ili isisemwe kwamba mzee alikuwa amechanganyikiwa. Mpe Leonida barua hii, yote, pamoja na tepu niliyoitia kwenye bahasha. Asiponijibu itakuwa haki yake. Nimemwambia Sadiq kwamba kuanzia sasa nitalipia chai, akadhani nimemkasirikia, na sikuweza kumweleza. Utamweleza wewe, kwa njia yako.

Na njia yako ni Tirop. Watazamaji wako wanamsubiri mtu anayefanana nami niliyemtunga mimi, na watamsubiri hadi picha ya mwisho. Hawana kosa. Walipewa yule kwanza. Nawe umewahurumia, umeweka dhoruba nje ya mlango ili Tirop asipofungua wawe na cha kumtetea. Mimi pia nilijiwekea dhoruba. Nilipokusimulia, niliwaweka vijana langoni na mapanga, mita chache tu, ili hata ukija kujua siku moja useme, Kugo angefanya nini.

Ondoa vumbi, mwanangu. Acha hewa iwe safi, anga iwe wazi, na yule aliye nje asimame peke yake kwenye mwanga. Kisha waonyeshe ule mkono.

Maana mlango wa ghala una upenyo kati ya ubao wa pili na wa tatu, na kabla Hulda hajasema neno lake la pili niliweka jicho pale. Nilimwona yeye, na tepu shingoni, na nyuma yake njia yote hadi barabarani. Hakuna aliyekuwa akimfuata. Njia ilikuwa tupu.